Notisi kwa Mtu Aliyekwisha Kuzikwa

Siku ile ya keki na soda mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba ndiyo sasa nitaanza kuhitaji kujua saa. Kisha mkaniambia: Madam Robi, tuandikie ulivyofanya kazi, sisi tutasoma. Haya, someni. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi na havikumnenepesha mtu. Mshahara nao nauacha, mnaujua, ni ule ule wenu. Nitaandika juu ya kanuni, maana nawasikia mkinung'unika kwenye korido kwamba kanuni za afya za serikali ni ndefu, zinapingana, na hazisomeki. Poleni. Mimi nimezeeka ndani yake, na bado kuna vyumba vyake ambavyo sijawahi kuingia. Kimoja nilikiingia, na ndicho nitakachowaeleza.

Mimi ni Mkuria wa Ntimaru, na kituo changu cha kwanza kilikuwa Kegonga, karibu na kwetu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku ya kwanza nilikabidhiwa viatu vya mpira vya mwanamume, bomba la kupulizia dawa lenye mkanda uliokatika, tepu ya kupimia, na kitabu cha Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Kitabu hicho kilikuwa kimevimba. Kila marekebisho yalipoletwa, mtu alibandika karatasi juu ya karatasi ya zamani, na gundi ikashikilia hata kurasa ambazo hazikuhusika. Ukitaka kifungu cha vyoo unafunua polepole kwa kisu cha mkate, ukiomba usichane cha maji.

Nyaraka zilikuja kwa basi la posta. Moja nakumbuka ilianza hivi: waraka huu unafuta waraka uliotangulia. Ule uliotangulia hatukuwahi kuupata. Tukaandika kuuomba, tukajibiwa kwamba hauwezi kutumwa kwa kuwa umefutwa. Basi kwa muda mrefu tuliwakataza watu mambo ambayo hatukuyajua sawasawa, kwa amri ambayo hatukuwahi kuiona. Wananchi waliniita Madam Choo. Sikukasirika, choo angalau nilikuwa nakiona kwa macho.

Hapo Kegonga palikuwa na muuza duka Mwislamu, mtu wa kutoka mbali, nitamwita Bwana Salim. Nyumba yake ilikuwa imefungwa na afisa aliyenitangulia, baada ya panya kufa wengi dukani na watu kuogopa tauni. Kanuni ilisema nyumba iliyofungwa kwa sababu hiyo itafunguliwa na afisa yule yule aliyeifunga, akisharidhika. Afisa yule alikufa. Kanuni haikusema akifa je. Kwa hiyo Bwana Salim alijenga kibanda cha mabati mbele ya nyumba yake mwenyewe, akauza sukari na mafuta ya taa huku ameupa mgongo mlango wake.

"Madam," aliniambia siku moja, "kila adhuhuri nasikia mtu anasogeza kiti huko ndani."

"Panya hao, Bwana Salim."

"Panya walikufa. Si ndiyo maana mkafunga?"

Nilicheka, lakini niliposimama pale mlangoni, kwenye ile rangi nyekundu ya amri ya kufunga, nikatafuta sababu ya kuondoka. Niliandika barua kwa wakubwa, nikaandika tena. Nilihamishwa kabla jibu halijaja, na sijui kama nyumba ile ilifunguliwa.

Nilihamishiwa upande wa ziwa, Kisegi. Kijaluo nilikuwa nacho cha kuombea maji tu, kwa hiyo kazi yote niliifanya kwa Kiswahili, na wao walinijibu kwa Kiswahili chao, tukaelewana. Waliniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, wengine kwa upendo na wengine kwa kunikumbusha kwamba kwetu ni mbali.

Aliyenipokea ni Mzee Ogada, fundi wa afya wa siku nyingi, mwembamba, Msabato wa kufa na kupona, ambaye hakuwahi kunywa chai ila alijua nani kijijini anapika chang'aa na kwa maji ya kisima kipi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuingia boma la mtu. Usiulize choo, alisema. Omba maji ya kunywa. Ukiletewa, yaangalie rangi, uliza yametoka wapi, sifu mtungi, na choo utaonyeshwa bila kuuliza. Tena alikuwa na neno lake moja juu ya kitabu chetu. "Robi, sheria ni msumeno, sawa. Lakini hata msumeno una mpini. Usiushike kwenye meno." Nililiona ni neno la mtu anayekaribia kustaafu. Sasa nami nimestaafu, nalirudia kwenu.

Kabla sijafika Kisegi kulikuwa kumepita kipindupindu. Wakati huo mazishi yalikuwa mali ya ofisi yetu. Hakuna kuzika bila kibali, hakuna matanga ya kula na kulala, na kaburi likishafunikwa halifunguliwi. Waraka ulisema hivyo waziwazi, kwa mara hii moja: makaburi ya kipindi hicho yasiguswe ila kwa ruhusa ya Nairobi.

Na katika msimu ule ule mashua moja ilipinduka. Maiti za wengine zilipatikana, ya kijana mmoja aitwaye Ouma haikupatikana. Walitafuta hadi wakachoka. Sasa, Wajaluo mtu wao akipotea na mwili usionekane, hawamwachi hivi hivi. Huchukua tunda la mvungunya, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba, wao huliita yago, wakalizika badala yake kwa heshima zote. Mamake Ouma alilivalisha yago shati la mwanawe la nailoni, akalifunga vifungo hadi shingoni. Wakachimba kaburi kamili kando ya nyumba yake. Naibu chifu akasema hakuna kuchimba bila karatasi ya afya. Afisa wa wakati huo akaandika kibali cha kuzika mwili wa Ouma, kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi ya mwili na haikuwa na nafasi ya tunda. Sikumlaumu nilipoisikia habari hiyo na simlaumu leo. Watu walinyoa vichwa, wakalia, wakamaliza. Mke wa Ouma baadaye akaolewa kwingine.

Miaka ikapita. Siku ya soko, jua la utosini, nilikuwa nakagua vibanda vya omena pale Kisegi, nagombana na mama mmoja aliyeanika samaki kwenye mchanga mtupu. Katikati ya maneno yake alinyamaza. Nikadhani nimemshinda. Kisha nikagundua kwamba soko lote limenyamaza. Mjue, soko la Kisegi halijawahi kunyamaza hata mvua ya mawe iliponyesha. Nilisikia mawimbi, kitu ambacho sikuwahi kukisikia nikiwa pale.

Mtu mmoja mrefu, amekonda, alikuwa anatembea katikati ya vibanda na mfuko wa plastiki mkononi. Watu walikuwa wanampisha bila kumwangalia usoni. Walikuwa wanaangalia chini, miguuni pake, na mimi nikaangalia pia. Walikuwa wanatafuta kivuli. Na kwa kuwa jua lilikuwa utosini, kivuli chake kilikuwa kidogo mno.

"Ni nani?" nilimnong'oneza yule mama.

"Huyo tulizika," akasema, na akaanza kuzoa omena zake pamoja na mchanga.

Haki ya Mungu niliogopa. Mimi, mtu wa viini na darubini.

Ouma alipofika kwao hakuvuka lango. Kakake, Owino, alisimama pale langoni na panga, analia, hataki kumkata na hataki apite. Mzee wa ukoo, Mzee Aloo, mtu wa hasira ambaye siku zote alikuwa na kesi nasi ya choo, aliitwa, na akatoa neno moja tu. Mtu hawezi kuwa na kaburi ndani ya boma na kitanda ndani ya boma hilo hilo. Akilala mle kaburi likiwa limefunikwa, litataka mtu wa kulijaza, na halitachagua. Kwanza kaburi lifunguliwe. Ouma aingizwe kwa tundu litakalokatwa kwenye ua, atoe mwenyewe kilichozikwa kwa jina lake, atoke nacho kwa tundu lile lile akakichome nje, ndipo arudi kwa lango kama watu. Kabla ya hapo asiguswe na mtu.

Familia ilikubali. Majembe yakaletwa. Ndipo naibu chifu akafika na baiskeli yake.

"Hakuna kufungua kaburi hapa," alisema. "Faili yangu inasema kuna maiti ya wakati wa kipindupindu. Mkifungua bila ruhusa mimi ndio nitafungwa, si nyinyi."

"Maiti ndiyo hiyo imesimama!" Owino akamjibu.

"Sijui hiyo imesimama. Mimi najua hiyo imeandikwa."

Wakanigeukia mimi wote. Kwa mara ya kwanza Mzee Aloo na naibu chifu walikuwa wamekubaliana kuhusu jambo: ofisi ya afya ndiyo itasema.

Ouma akawekewa kibanda cha nyasi nje ya lango, chini ya ua wa minyaa. Nilienda kumwona asubuhi iliyofuata. Alikuwa amelala juu ya gunia, anakohoa kikohozi kile tulichokijua sana miaka hiyo na ambacho hatukukiita jina. Asubuhi alikuwa baridi, na kila alasiri homa ilimpanda hadi meno yakagongana. Nilijua hana muda mrefu, na yeye alijua.

"Wewe ndio wa serikali?" aliniuliza.

"Wa afya."

"Mimi si mzimu, madam. Nakula. Nakohoa. Mzimu inakohoa?"

Nikamwuliza kwa nini hakurudi mapema. Alisema mashua ya watu wa Tanzania ilimwokota, wakashuka naye upande wa Musoma, akapata kazi ya kupara samaki. Alitaka kurudi mwezi ule ule. Halafu mfanyabiashara mmoja kutoka huku akamwona, akatimua mbio. Baadaye akamtumia neno kwa mtu: usirudi, umekwisha kuzikwa, ng'ombe wamechinjwa, mama amenyoa.

"Nikawa naogopa kwetu," alisema. "Mtu amezikwa, anarudi namna gani? Anabisha hodi? Usiku naota udongo iko juu yangu, na mimi niko kwa kitanda ya watu Musoma. Sasa naumwa. Sitaki kitu, madam. Nataka kulala kwa nyumba ya kwetu. Nikifia hapa nje, hawa hawatanizika mara ya pili. Watanitupa."

Nikamwambia nitaenda Homa Bay kwa mkubwa wangu.

Wakati natoka nilimwona mama yake, Min Ouma kama walivyomwita, akileta uji. Alikiweka kibuyu chini, mbali kidogo na kibanda, kisha akageuka, akaondoka akiwa amejifunika uso kwa leso. Hakumwangalia. Ouma alisubiri mama afike ndani, ndipo akatambaa kwenda kuuchukua. Kuku wa boma lile walikuwa wakichakura kila mahali, lakini pale juu ya kaburi nyasi zilikuwa zimesimama wima, hakuna hata mmoja aliyepita. Labda ni macho yangu tu.

Nilimfuata. "Mama, huyo ni mtoto wako, anaumwa."

"Mimi nilishalia huyu," alisema. "Nikazika. Nikanyoa kichwa. Nikatoka kwa matanga. Sasa huyo ana sauti ya Ouma, ana kidonda ya Ouma kwa goti. Lakini ile nimezika ni nani? Madam, niambie, mimi nimezika nani?" Nilitamani kumshika mkono lakini hakunipa nafasi.

Mkubwa wangu Homa Bay alikuwa Mjaluo, mtu mpole, mezani kwake kuna marundo ya faili hadi usiione suti yake. Nilimweleza yote. Alisikiliza macho yakiwa dirishani, ziwani.

"Kwenye kaburi kuna nini?" akauliza.

"Vungunya, bwana. Yago."

"Nani aliona likizikwa?"

"Kijiji kizima."

"Ofisi iliandika nini?"

"Mwili."

"Basi kuna mwili."

"Mwenye mwili ameketi nje ya lango anakohoa, bwana."

"Huyo hatujamwandika."

"Basi tufungue tuone."

"Kufungua ni kufukua, Robi. Kufukua kunataka kibali cha Nairobi. Kibali kinataka cheti cha kifo, chanzo cha kifo, idhini ya jamaa wa karibu, na mahali marehemu atakapozikwa upya. Halafu kuna ule waraka wa kipindupindu."

"Atazikwa upya nani?"

Akavuta kitabu chake, ambacho kilikuwa kimevimba kuliko changu, akafunua kurasa zilizogandana. Nilisikia zikipasuka moja moja. "Tukisema ni tunda, bado hatuna njia," alisema hatimaye. "Kifungu hiki kinajua maiti, mabaki na majivu. Tunda hakilijui. Ili niseme hakuna maiti, nifungue. Ili nifungue, niwe na maiti." Akakifunga kitabu taratibu. "Na nikwambie kweli, hata mama yangu mimi asingemruhusu aingie."

Nilirudi Kisegi nimekasirika. Nilikasirikia kitabu, mkubwa, Mzee Aloo, hata marehemu aliyekataa kuwa marehemu. Kila jioni niliona uji umewekwa mbali zaidi, kwa sababu mama alizidi kuogopa, na Ouma alizidi kuchelewa kuufikia. Siku moja mbwa wa jirani aliufikia kwanza. Ouma alimwangalia tu.

Mzee Ogada alikuwa anasafisha bomba lake la dawa nilipomwaga hasira zangu zote. Alisikiliza, akapuliza maji kwenye tundu, akasema, "Mkubwa alisema tunda hakilijui kifungu kipi?"

"Cha maiti."

"Sasa wewe tunda umelipeleka kwa maiti kufanya nini?"

Tulikaa chini, mimi na yeye, na kisu cha mkate. Tulipita vifungu vya mbu, vya maziwa, vya machinjio, vya mabwawa na vya mikate. Kuna mambo humo, jamani, ambayo hakuna aliye hai anayejua yaliwekewa nani. Tukayapata tuliyoyataka katika kanuni ndogo za uchafu, chini ya karatasi mbili zilizobandikwa: mwenye kiwanja ambamo taka za mimea zimefukiwa karibu na nyumba ya kulala watu ataamriwa kuzitoa mwenyewe mbele ya afisa wa afya, na shimo litiwe dawa na kujazwa udongo safi siku hiyo hiyo.

Nilirudi Homa Bay na notisi nimeshaiandika. Mkubwa aliisoma, akaisoma tena.

"Hii ni ya takataka?"

"Ni ya takataka, bwana. Mimea iliyooza."

Akapiga mhuri. "Taka zitolewe jua likiwa juu, watu wote waone," alisema. "Na mimi leo sikuwa ofisini."

Notisi ya namna hiyo hupewa mwenye kiwanja, si mtu mwingine. Kiwanja kilikuwa cha Ouma tangu baba yake alipomgawia, na hakuna aliyewahi kwenda kulibadilisha jina. Nikaenda pale kibandani, nikasimama wima kama tulivyofundishwa, nikamsomea notisi yake mbele ya naibu chifu. Alinyoosha mkono akaichukua, akaisogeza karibu na macho.

"Wameandika Ouma," alisema.

"Ndiyo."

"Hawajaandika marehemu."

"Hawajaandika."

"Nikikataa kutoa hiyo taka?"

"Utashtakiwa."

"Nitashtakiwa mimi? Mimi mwenyewe nisimame kotini?"

"Wewe mwenyewe. Na unaweza kufungwa."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka kilio. "Asante, madam," alisema. "Asante sana." Naibu chifu aliivua kofia yake, nadhani bila kujua. Kazini nimetoa notisi nyingi sana, na huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kunishukuru.

Siku ya kufungua ilikuwa ya jua kali, na wingu hata moja hakuna. Boma lilijaa watu, lakini walisimama mbali, nyuma ya nyumba, wanawake wamejifunika. Mzee Ogada alikuja na ndoo ya dawa. Owino alichimba peke yake kwa sababu wengine walikataa. Alichimba harakaharaka, hadi shimo likamfika kifuani, kisha jembe likagusa kitu kisicho udongo. Alitoka shimoni kama mtu aliyeumwa na nyoka, akapita katikati ya watu, hakusimama hadi ziwani.

Mzee Aloo akakata tundu kwenye ua wa minyaa, maziwa ya ule mmea yakimdondokea mikononi, na Ouma akaingia kwa kutambaa. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama na homa yake ilikuwa imeshaanza. Alifika ukingoni mwa kaburi, akaangalia chini, akaniangalia mimi.

"Siwezi kushuka peke yangu," alisema.

Kanuni ilisema afisa ashuhudie utoaji wa taka. Haikusema akiwa wapi. Niliangalia watu wote pale, hakuna aliyesogea. Basi nikavua viatu vya mpira, nikapandisha sketi, nikashuka. Nawaambia vijana, ndani ya kaburi kuna baridi hata jua likiwa kali, na sauti za juu hufika zimechelewa. Nilimpokea Ouma, nikambeba nusu, akapiga magoti kwenye udongo.

Lilikuwepo. Tunda lilikuwa limekauka, limekuwa nyuzi nyeusi, lakini shati la nailoni lilikuwa zima, limefungwa vifungo vyote hadi juu, vile vile mama yake alivyolifunga. Lilikuwa limelala chali. Mimi nilishindwa kulitazama pale shingoni, mahali ambapo hapakuwa na kichwa. Ouma alitia mikono chini yake, akaliinua kama unavyoinua mtoto aliyelala, akalishika kifuani.

"Ni nyepesi," aliniambia kwa mshangao. "Madam, nilifikiri nitakuwa mzito."

Alilitupa juu, likaangukia nje ya kaburi, na nikasikia watu wote wakirudi nyuma. Kazi ya serikali ilikuwa imekwisha. Sasa ilibaki kutoka. Nilimsukuma kwa chini, akanyoosha mkono juu, lakini ukingo ulikuwa unabomoka na hana nguvu ya kujivuta. Mkono ule ulibaki umenyooshwa juu ya ardhi, unashika hewa. Niliita mtu amvute. Nikamwita Mzee Ogada, lakini Mzee Aloo alikuwa amemzuia na bakora.

"Asiguswe!" alikuwa anapiga kelele. "Kwanza atoke, achome! Asiguswe!"

Niliita tena. Nilianza kulia kwa hasira, nikiwa nimemshika mtu wa watu ndani ya kaburi lake, na nikafikiri kwa kweli kabisa kwamba watatufunika sote wawili.

Ndipo nikaona leso ikianguka ukingoni. Mama yake alikuwa amepiga magoti, kichwa wazi, anamwangalia mwanawe usoni. Mzee Aloo alimfokea kwa Kijaluo. Mama alinyoosha mkono mmoja, ukasita hewani, kisha akaushika mkono wa Ouma.

Alipiga ukelele. Nilidhani ni wa kuogopa.

"Lwete liet!" alilia. Kisha akanigeukia mimi kule chini, machozi yanamdondoka hadi usoni pangu, akarudia kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa. "Mkono yake ni moto! Madam, andika! Ana joto! Mtoto wangu ana joto!"

Alimvuta kwa mikono yote miwili, akamkumbatia pale kwenye udongo, akampitisha mbele ya Mzee Aloo, moja kwa moja ndani ya nyumba. Kiganja changu kilikuwa bado kina joto la mgongo wake. Nililijua joto lile, ni homa ya kila alasiri, na nilijua linampeleka wapi. Nilifuta mikono kwenye sketi, nikatoa kalamu, nikaandika kama mama alivyosema.